Rangi ya pikapu za gitaa yageuka mali: Funzo kwa wafanyabiashara wa Zanzibar

RANGI ni mali ya nani? Swali hilo laweza kuonekana la mzaha kwa mtu anayepita Darajani, mjini Unguja, na kuona kanga na vikoi vya kila rangi vikining'inia mbele ya maduka. Hata hivyo, katika ulimwengu wa biashara swali hilo lina majibu ya kisheria, na wapo walioingia hasara kwa kutoyajua majibu hayo mapema.

Nchini Marekani, kwa zaidi ya miaka 40 sasa, kampuni moja ya vipuri vya magitaa ya umeme imekuwa ikishikilia haki ya peke yake juu ya rangi ya krimu inapotumika kwenye aina fulani ya pikapu za gitaa.

Kampuni nyingine zaweza kutengeneza pikapu ya aina hiyo hiyo, zikaiuza kwa bei yoyote na ikatoa sauti ile ile. Zisichoweza kufanya katika soko hilo ni kuiuza ikiwa na rangi hiyo.

Kwa Zanzibar, ambayo jina lake hutajwa duniani kwa karafuu, vitambaa na muziki wa taarab, kisa hicho kina mafunzo kuhusu namna kitu kinachoonekana kuwa cha wote kinavyoweza kupata mwenyewe, na namna ya kujikinga.

Pikapu ni nini?

Pikapu inayozungumzwa hapa si gari la kubebea mizigo. Ni kifaa kidogo chenye sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara kwenye bobini, mfano wa bobini ya cherehani, kinachofungwa chini ya nyuzi za gitaa.

Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku hiyo, huzalisha mkondo mdogo wa umeme ndani ya waya. Mkondo huo hupelekwa kwenye amplifaya, kisha hutoka katika spika ukiwa sauti. Bila pikapu, gitaa la umeme ni ubao wenye nyuzi.

Pikapu za mwanzo zilikuwa na bobini moja, nazo zilikuwa na kasoro ya kunasa mvumo wa umeme wa nyumbani na kuutoa katika spika pamoja na muziki.

Mwaka 1955, Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson ya Marekani, aliomba hataza ya pikapu yenye bobini mbili zilizopangwa kwa namna ambayo mvumo wa bobini moja hufuta mvumo wa nyingine. Magitaa ya Gibson yalianza kufungwa pikapu hizo mwaka 1957, na hataza ilitolewa Julai 28, 1959.

Bobini nyingi za pikapu hizo zilikuwa nyeusi. Lakini katika miaka ya mwisho ya 1950 baadhi zilitoka kiwandani zikiwa na rangi ya krimu, na nyingine zikiwa na bobini moja nyeusi na moja ya krimu, mtindo ambao wapigaji wanaufananisha na pundamilia.

Wakati huo wanunuzi hawakuijua tofauti hiyo, kwa kuwa pikapu zilifunikwa kwa kifuniko cha chuma. Ni hadi wapigaji walipoanza kuving'oa vifuniko hivyo katika miaka ya 1960 ndipo rangi ya ndani ilipoonekana.

Krimu yapata mwenyewe

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Larry DiMarzio, fundi wa magitaa wa New York, alianza kutengeneza pikapu za kubadilishia zile zilizokuja na gitaa kutoka kiwandani. Maarufu zaidi kati ya hizo ilipewa jina la Super Distortion, nayo ilipendwa na wapigaji wa muziki wa roki kwa sababu ya nguvu ya sauti yake.

Pikapu hiyo iliuzwa bila kifuniko, na bobini zake zote mbili zilikuwa za krimu. Mtazamaji aliyekaa mbali na jukwaa aliweza kujua, kwa kuangalia tu, kwamba gitaa lile lilikuwa limefungwa kipuri cha DiMarzio.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya DiMarzio ilisajili mwonekano huo, yaani bobini mbili za krimu katika pikapu moja, kuwa alama ya biashara nchini Marekani. Tangu hapo washindani katika soko hilo huuza pikapu za namna hiyo zikiwa nyeusi, nyeupe au za pundamilia, na kuiepuka krimu mbili.

Hapa pana jambo ambalo mara nyingi halifahamiki vyema. Hataza ya Lover, iliyolinda uvumbuzi wenyewe, ilikuwa na uhai wa miaka 17 kwa sheria ya wakati ule, hivyo ilikoma mwaka 1976. Kuanzia hapo mtu yeyote aliweza kutengeneza pikapu ya bobini mbili bila kuomba ruhusa.

Alama ya biashara, kwa upande wake, haina ukomo mradi inatumika na usajili wake unahuishwa kwa wakati. Matokeo yake ni kwamba uvumbuzi uliobadilisha sauti ya gitaa umekuwa huru kwa wote, ilhali rangi ya plastiki yake ingali na mwenyewe.

Wakosoaji wamekuwa wakihoji uhalali wa haki hiyo, wakisema krimu ilikuwamo katika pikapu za Gibson zaidi ya miaka 10 kabla ya DiMarzio kuanza biashara.

Hoja hiyo ina uzito kwa mpenzi wa magitaa, lakini sheria ya alama za biashara haiulizi nani alikuwa wa kwanza kuitumia rangi kiwandani. Huuliza iwapo mnunuzi anapoiona alama hutambua bidhaa inatoka kwa nani. Rangi iliyofichwa chini ya kifuniko haimtambulishi mtu yeyote kwa mnunuzi.

Aidha, sheria ya Marekani hupunguza misingi ya kuipinga alama iliyokwisha kusajiliwa na kutumika kwa miaka 5 mfululizo. Aliyechelewa kupinga hukuta milango mingi imekwisha kufungwa.

Mahakama zasemaje?

DiMarzio si peke yake. Mwaka 1985, mahakama ya rufaa nchini Marekani ilikubali kwamba kampuni ya Owens-Corning yaweza kusajili rangi ya waridi kwa ajili ya sufi yake ya kioo inayowekwa kwenye kuta na dari kuzuia joto na baridi.

Mwaka 1995, Mahakama Kuu ya Juu ya nchi hiyo ilimaliza ubishi katika kesi ya kampuni ya Qualitex, iliyotumia rangi ya kijani iliyochanganyika na dhahabu kwenye pedi za mashine za kupigia pasi za madobi. Mahakama ilisema rangi peke yake yaweza kuwa alama ya biashara, lakini ni baada ya wanunuzi kuizoea na kuihusisha na mwenye bidhaa.

Uamuzi ulio karibu zaidi na maisha ya watu wa pwani ulitolewa mwaka mmoja kabla ya huo. Kampuni ya Brunswick ilitaka isajiliwe rangi nyeusi kwa ajili ya mashine za boti za Mercury.

Washindani walipinga, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nao mwaka 1994. Sababu ilikuwa nyepesi kuieleza: nyeusi hukubaliana na boti ya rangi yoyote, na huifanya mashine ionekane ndogo kuliko ilivyo. Rangi yenye manufaa ya namna hiyo kwa kila mtengenezaji haiwezi kufungiwa mtu mmoja.

Barani Ulaya, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua Mei 6, 2003 katika kesi ya kampuni ya simu ya Libertel ya Uholanzi, iliyotaka kusajili rangi ya machungwa. Mahakama ilisema rangi moja yaweza kusajiliwa, ila ni lazima ielezwe kwa usahihi, kwa mfano kwa namba ya rangi inayotambulika kimataifa, na kwamba maslahi ya umma ya kutonyimwa rangi bila sababu yazingatiwe.

Kampuni ya Cadbury ilijifunza ugumu wa sharti hilo nchini Uingereza mwaka 2013, pale Mahakama ya Rufaa ilipokataa maelezo ya zambarau yake ya chokoleti kwa kuwa hayakuwa bayana. Mwaka mmoja kabla, mahakama ya rufaa ya New York ilikuwa imeitambua soli nyekundu ya viatu vya Louboutin kuwa alama, lakini pale tu soli inapotofautiana na rangi ya kiatu chenyewe.

Kutokana na maamuzi hayo, masharti makuu yanaweza kufupishwa kuwa matatu. Rangi iwe imezoeleka kwa wanunuzi kuwa ya mtu fulani. Isiwe na manufaa ya kiutendaji ambayo wengine wanayahitaji. Na ihusishwe na bidhaa maalumu iliyotajwa kwenye usajili.

Sharti la tatu ndilo linalowasumbua wengi. Mshabiki wa Simba humtambua mwenzake kwa jezi nyekundu, na wa Yanga kwa kijani na njano, lakini hakuna anayedhani kwamba klabu hizo zinamiliki nyekundu ya nyanya au kijani cha mchicha. DiMarzio nayo haimiliki krimu. Inamiliki krimu juu ya bobini mbili za pikapu, basi.

Zanzibar na alama za kughushi

Suala la alama si geni Unguja. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, shuka za pamba kutoka Massachusetts zilienea kiasi kwamba kitambaa chenyewe kiliitwa merikani, jina lililobaki katika Kiswahili hadi leo.

Daktari wa meli ya kivita ya Marekani, W.S.W. Ruschenberger, aliyefika Zanzibar mwaka 1835, aliandika kwamba Waingereza walijaribu kuiga kitambaa hicho na hata kukipiga mihuri ya Kimarekani. Kwa maelezo yake, wanunuzi waliona uimara wa kitambaa halisi ni mkubwa mno hata wakaacha kununua kwa Waingereza kabisa, wakichelea kudanganywa.

Maelezo hayo yalitoka kwa Mmarekani aliyekuwa na sababu ya kusifu bidhaa za kwao. Hata hivyo, yanaonyesha kazi halisi ya alama ya biashara miaka karibu 200 iliyopita katika bandari hii: humlinda muuzaji dhidi ya mshindani mwenye hila, na humlinda mnunuzi asipewe kitu kingine kwa jina la kile anachokitaka.

Kanga nazo zina historia hiyo. Mnunuzi mzoefu huangalia pindo, mji na maneno, kisha hutafuta maandishi madogo ya mtengenezaji. Maneno "Mali ya Abdulla" ya kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa ni mfano wa alama ambayo wanawake wa pwani wameijua na kuiamini kwa vizazi.

Sheria mbili ndani ya Muungano

Jambo ambalo huwashangaza wafanyabiashara wengi ni kwamba usajili wa alama za biashara si suala la Muungano. Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, inayosimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA).

Zanzibar ina Sheria ya Mali za Viwandani Namba 4 ya mwaka 2008, na usajili hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar (BPRA).

Maana yake ni kwamba alama iliyosajiliwa Dar es Salaam haina ulinzi wa usajili mara boti inapovuka kuja Malindi, na iliyosajiliwa Unguja haina ulinzi huo ikifika Kariakoo. Anayeuza pande zote mbili hulazimika kusajili mara mbili.

Muda wa usajili nao hutofautiana. Bara, usajili wa kwanza hudumu miaka 7 kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Zanzibar, usajili hudumu miaka 10 na huweza kuhuishwa kwa miaka 10 mingine, tena na tena.

Kuhusu rangi, Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ambalo Tanzania ni mwanachama wake tangu mwaka 1995, unautaja mchanganyiko wa rangi miongoni mwa ishara zinazoweza kuwa alama ya biashara. Rangi moja pekee haikutajwa humo, nayo ndiyo iliyozipa kazi mahakama za nchi mbalimbali. Nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwamo, zimepewa hadi Julai 1, 2034 kuutekeleza mkataba huo kikamilifu.

Sheria ya Bara inaitafsiri alama kuwa ni ishara inayoonekana kwa macho. Nchini Kenya, Sura ya 506 ya sheria inaruhusu alama ifungwe kwenye rangi maalumu, na alama iliyosajiliwa bila kutaja rangi huhesabiwa kuwa imesajiliwa kwa rangi zote. Mwenye nembo nzuri hupaswa kuamua mapema lipi kati ya hayo mawili linamfaa.

Kikoi, shuka na Hakuna Matata

Hatari kubwa kwa watu wa pwani imekuwa kuchukuliwa kwa majina na mitindo yao katika nchi za mbali. Katikati ya miaka ya 2000, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" kuwa alama yake ya biashara nchini humo.

Iwapo ombi hilo lingepita, mfumaji wa Kenya au muuzaji wa Unguja aliyepeleka vikoi Uingereza angeweza kuzuiwa kuviita kwa jina lake mwenyewe. Shirika la biashara ya haki la Traidcraft pamoja na wanaharakati wa Kenya walilipinga ombi hilo, na mwaka 2008 lilifikia mwisho bila neno hilo kusajiliwa.

Neno "Hakuna Matata" halikuwa na bahati hiyo. Kampuni ya Disney ililisajili kwa ajili ya mavazi nchini Marekani mwaka 2003, na ilipofika mwaka 2018 maelfu kwa maelfu ya watu walitia saini ombi la kupinga usajili huo kwenye intaneti. Kelele hizo zilikuja miaka 15 baadaye.

Shuka za Wamaasai, ambazo mgeni huziona hata katika fukwe za Nungwi na Paje, zilionekana katika mavazi ya kiume ya Louis Vuitton ya mwaka 2012. Wamaasai wa Kenya na Tanzania wameunda mpango wa kudai haki zao, na kampuni ya Koy Clothing ya Uingereza imekuwa mojawapo ya zilizokubali kuwalipa kwa matumizi ya mitindo yao.

Hakuna mahakama inayoweza kuwapa Wamaasai nyekundu yote ya dunia. Lakini mfano wa pikapu unaonyesha kwamba rangi na mpangilio wake juu ya bidhaa iliyotajwa vinaweza kulindwa, iwapo wahusika wataenda kusajili kabla ya wengine.

Nini cha kufanya?

Mwanamuziki wa Zanzibar anayetaka pikapu mbili za krimu kwenye gitaa lake hana sababu ya kuhofu kwa ajili ya usajili wa Marekani. Haki ya alama ya biashara hukomea kwenye mipaka ya nchi ilikosajiliwa. Kile kisichoruhusiwa kuuzwa New York chaweza kuwa halali Mwanakwerekwe, mradi hakuna aliyekisajili hapa na mnunuzi hadanganywi kuhusu mtengenezaji.

Hali hubadilika kwa fundi au mfanyabiashara anayesafirisha bidhaa nje. Huyo hutakiwa kuchunguza daftari la nchi anakopeleka, maana kitu cha kawaida kwake chaweza kuwa na mwenyewe huko.

Kwa wenye viungo, sabuni za mwani, vitambaa na kazi za mikono, sheria ya mwaka 2008 inatoa njia zaidi ya alama ya mtu mmoja. Ipo alama ya pamoja, inayofaa ushirika wa wazalishaji, na upo ulinzi wa kitambulisho cha kijiografia kwa bidhaa ambazo sifa yake inatokana na mahali inakotoka.

Karafuu ya Zanzibar ndiyo hutajwa kwanza katika mjadala huo, kwa kuwa jina la visiwa hivi ni sehemu ya thamani yake sokoni.

Mwenye kuchagua rangi kwa ajili ya bidhaa yake hushauriwa kutotegemea rangi peke yake, bali kuiambatanisha na jina na mchoro, kuitumia bila kubadilisha mara kwa mara, na kutunza risiti, picha na matangazo ya tangu alipoanza. Hayo ndiyo huwa ushahidi siku ya ubishi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. DiMarzio hakuivumbua krimu wala hakuivumbua pikapu ya bobini mbili. Alichofanya ni kuitumia rangi hiyo mbele ya macho ya wanunuzi kwa miaka, kisha akaiandikisha. Walioitumia kabla yake chini ya kifuniko hawakuandikisha chochote.